Kufuli la Haki Lililokosa Haki

Nichekeni tu, nimejitakia. Programu ya bei ya ghala letu hapa Dongobesh niliiwekea kufuli, yaani kanuni ya nani aifikie bei na lini, nililoliita la haki: wasomaji wa bei waingie pamoja, anayebadilisha bei apige hodi, asubiri waliomo watoke. Adabu ya kwetu Nambis, mjinga mimi. Nikalipima kwa wasomaji peke yao, bila wa kubadilisha bei, kompyuta yenye prosesa nyingi ikakimbia, nikamringia mzee mwenye ghala kwa hiyo hodi yangu.

Leo asubuhi mzee kabadilisha bei ya maharage. Wateja wa kusoma bei hawakukatika, akitoka huyu anaingia yule, bei mpya ikabaki mlangoni, na hadi jioni wote walisoma bei ya jana. Akaniita mbele yao.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Bei yangu bado inapiga hodi?”