Kifo Kilichosajiliwa Mbio Kuliko Vyote

Mimi ni karani wa komini, serikali ya eneo letu hapa Kolwezi, upande wa vizazi na vifo. Zamani wafiwa walikuwa wakihangaika na foleni ofisini kwetu. Tangu tupewe tableti, mimi ndiye ninayewafuata matangani, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Ijumaa nilipita mtaa wa Musonoi kwa pikipiki, nikaona matawi ya michikichi kando ya njia, turubai limetandazwa, akina mama wanalia. Nikamwuliza muuza mandazi, "Kwa nani pale?"

"Kwa tata Kabeya, muzee wa pale."

Ikanitosha. Nikaingia chini ya turubai, nikaketi na uso wa huzuni, nikamwambia mzee aliyekuwa kando yangu, "Tata, siku hizi kusajili kifo tunafanya mbio-mbio." Nikalitafuta jina la Kabeya kati ya wakaaji wa mtaa, nikabonyeza "amefariki". Hata soda nilikuwa sijaletewa.

Mara simu ya yule mzee ikalia, ujumbe umeingia. Akaitazama, akanipa.

"Mutoto yangu, unisomee. Lunette za macho niliacha mu nyumba."

Nikasoma kwa sauti nzito, kama mtu wa serikali: "Poleni kwa msiba. Kifo cha Kabeya kimesajiliwa."

Kilio kikakatika. Akina mama wote wakanigeukia.

"Dada yangu njo alikufa, kule Kasai," mzee akasema polepole. "Tunamulilia huku kwetu. Kabeya njo mi mwenyewe."

Nikamrudishia simu yake.

"Sasa unifufue," akasema. "Na iyo pia uifanye mbio-mbio."