Mkaguzi wa Nyumba ya Wazee

Mkaguzi wa nyumba za wazee haamini maneno ya mtu, huamini vidole vyake. Hubonyeza godoro, hupapasa shuka kama lina unyevu, hunusa kikombe, kisha huguna, "Mmh." Siku hiyo aliguna kwa kuridhika katika kila chumba, mpaka akamfikia bibi mmoja, msafi, kucha zimekatwa, nywele zimechanwa.

"Wanakutunza vizuri, bibi?"

"Vizuri mno, mwanangu. Hawana neno." Kisha akamkamata mkono. "Nakuomba, ondoka nami."

"Kuna anayekuumiza?"

"Hakuna."

"Sasa shida nini?"

Bibi akafikiri sana. "Hata mimi sijui."

Muuguzi aliyesimama mlangoni akapandisha mabega. Mkaguzi akavuta kiti akaketi, mkono wake bado umeshikwa.