Moto wa Sebule ya Mbele

Barua ilisema nyumba ya Bi Eirlys Prosser ina joto la kutosha, kwa hiyo halmashauri haitamsaidia kulipia gesi. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama jikoni, amevaa koti na glavu, pumzi yake ikitoka kama moshi. Kisha akaitupa mezani.

Jirani yake, Mair Bevan, ndiye aliyemsihi kwa misimu miwili ya baridi mpaka akakubali kuomba msaada. Ukoo wa Prosser haukuwahi kuomba. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, na bonde zima lilimvulia kofia. Eirlys alipojaza ile fomu alijiona kama anavuliwa nguo barabarani.

Mair alipoingia naye aliisoma barua, akauliza yule kijana wa halmashauri aliyekuja kukagua nyumba alipokelewa wapi.

"Sebule ya mbele. Kwenu wageni wanapokelewa wapi?"

"Uliwasha moto?"

Eirlys aliichukua barua, akaikunja. Chumba kile hufunguliwa kwa mchungaji na kwa jeneza tu. Siku ile alikuwa amekifuta vumbi tangu asubuhi, akachoma ndoo zake mbili za mwisho za makaa ya mawe, akamwandalia mgeni chai na mkate wa zabibu. Kijana mwenyewe, jina lake Vaughan, alifungua vifungo vya koti kwa joto, akatoa kipimajoto, akauliza kama nyumba huwa hivi siku zote. Naye akajibu kama mama yake alivyomfunza kuwajibu wageni: hatuna shida, tunashukuru.

"Wewe, na kusoma kote huko," Mair alisema, "umekwenda kumwonyesha mtu wa msaada kwamba huhitaji msaada."

"Ulitaka akute pango?"

"Ndiyo, shoga. Pango ndilo linalolipiwa."

Hilo lilimchoma kuliko barua. Kumbe mtu lazima ajianike ndipo aaminiwe. Na kijana yule alipita mbele ya mlango wa jikoni uliozibwa kwa blanketi, asiulize ni kwa nini. Na yeye Eirlys mwenyewe, mjinga mwenye cheti ukutani! Kesho yake alipanda basi hadi ofisi ya halmashauri, amefura.

Kwenye foleni alimkuta Bi Olwen Hopkin wa kanisani, ambaye habari haikai mdomoni mwake hata saa moja. Vaughan alimwona Eirlys, akamwomba waingie chumba cha pembeni. Eirlys alikataa. Uongo alikuwa ameusema faraghani, kwa heshima zote. Ukweli angeusema palepale.

"Ninaishi jikoni," alisema, na foleni nzima ikamgeukia. "Nalala kitini, nimejifunika koti la marehemu. Ghorofani sijalala tangu Novemba, kuta zinatoka maji. Ulikuta moto kwa sababu ulikuwa mgeni. Andika."

Bi Olwen aliangalia viatu vyake. Vaughan akaandika. Eirlys akaivuta karatasi, akasoma: nyumba ina baridi kiasi. Akaweka kidole.

"Futa hilo neno 'kiasi'."

Akalifuta.

Pesa ziliingia mwishoni mwa Machi, baridi ikiwa imekwisha na watu wameshafungua madirisha. Kwa akina Prosser, kila zawadi hujibiwa kwa barua ya shukrani kabla ya kesho yake kwisha. Hii Eirlys hakuijibu; haikuwa zawadi.