Paka wa Dago na Mijusi wa Mwambani

Siku ya kwanza kazini nilivaa buti mpya, nikijua napelekwa kwa tembo. Mimi ni mtu wa Lugoba. Bahari nilikuwa nikiiona kwa mbali tu. Mhifadhi Mkuu, baba mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, alizitazama buti zangu akasema, "Hizo weka. Wewe utahesabu mijusi." Nikaitikia, "Sawa, mzee," kisha nikaenda nyuma ya ofisi kulia.

Mijusi wenyewe waliishi kwenye kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, mbele ya pwani ya Kaole, kisicho na kisima wala mti wa maana. Mjusi wa mwambani ni mweusi, mwembamba kama penseli, na maji ya chumvi hayamtishi. Maji yakipwa hushuka mpaka kwenye mawe mabichi kuwinda wadudu na kaa wadogo. Yakijaa hupanda tena. Wa kisiwa kile hawakuwa na pengine pa kwenda. Wakiisha, wameisha.

Kuwahesabu kuna ufundi wake. Tulitumia ufito wenye kitanzi cha uzi mwembamba nchani: unamsogezea polepole, unamvisha shingoni, unamnyanyua bila kumuumiza. Kisha unamtia alama ya rangi mgongoni ili usimhesabu mara mbili. Rangi ya ofisi ilikuwa inabanduka, nikaleta yangu ya kucha, nyekundu. Wanaume walicheka sana. Haukupita muda nikaanza kuona chupa za wake zao zinakuja kazini.

Mhifadhi Mkuu wa pili alikuta mijusi wanapungua. Sababu tuliijua: paka. Pale kisiwani palikuwa na dago, yaani kambi ya wavuvi wa dagaa, nao walifuga paka wa kufukuza panya. Mwezi ukiwa mkubwa taa zao hazivuti dagaa, basi hurudi nyumbani. Paka walimwacha alinde magunia ya chakula.

"Apigwe risasi," bosi akasema.

"Tukimpiga, mzee, Nahodha Shomari, mkuu wa dago, hatatuacha tukanyage pale tena. Naomba nikaongee naye."

Nikamfuata nahodha kwake Kaole. Baada ya shikamoo na habari za watu wote wa nyumbani, nikamuuliza, "Babu, mkiwa dago paka anakula nini?"

"Vichwa vya samaki."

"Na mkiondoka?"

"Anajitafutia."

"Anajitafutia mijusi wangu. Mnaporudi, rudini naye. Na magunia pia, panya wakose cha kufuata."

"Nisafiri na paka, mama? Watu watanicheka."

"Mimi walinicheka kwa rangi ya kucha."

Alitabasamu, lakini hakuahidi kitu. Mwezi uliofuata nilimwona paka akishushwa Kaole ndani ya tenga, amenuna. Bosi aliponiuliza kama paka kafa, nilimjibu kwamba amehama. Mijusi waliongezeka taratibu, mwaka hadi mwaka.

Sijui kama kazi yangu ilikuwa kubwa. Watu wakisikia nilikuwa hifadhini huniuliza habari za simba, nami sina.

Safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilirudi na chombo cha Nahodha Shomari. Macho yake yalikuwa yamefifia, na paka alikuwa mjukuu wa yule wa kwanza. Injini ilishawashwa, maji yanapwa, chombo kinakaribia kukwama. Tenga lilikuwa tupu.

"Twende, babu," vijana wakamwambia. "Maji yanatuacha."

"Yule hatumwachi," akasema.

Akashuka mwenyewe, maji ya magoti, ameshika kichwa cha samaki, akawa anapapasa mawe na kumwita. Mijusi walikuwa wakimpisha huku na huku, wengi wao wachanga, hawajawahi kutiwa rangi. Nilikaa chomboni nikalia, na safari hii sikujificha.

Ofisini waliniaga kwa ngao yenye picha ya tembo. Nimeitundika sebuleni. Lakini wageni wakiniuliza nilipewa nini nilipostaafu, huwasimulia habari za yule mzee, alivyorudi chomboni na paka kwapani.