Tangu Baba Alipotumbukia Tanurini

Baba yangu alichoma mkaa huko Kurui, Kisarawe, tangu nikiwa mdogo, na kazi hiyo ndiyo iliyomuua, ingawa haikumuua kwa siku moja.

Kujenga tanuri la mkaa, magogo hupangwa chini, yakafunikwa kwa majani mabichi na udongo, kisha moto huwashwa upande mmoja na kuachwa ule polepole. Hewa ikiingia, magogo yote yanageuka jivu. Ndiyo maana mchomaji hatoki karibu na tanuri. Akiona moshi unachomoza pasipotakiwa, anaziba kwa udongo. Siku ile baba aliona ufa juu kabisa, akapanda na jembe lake. Ndani magogo yalikuwa yameshabonyea, udongo umebaki ganda tupu. Akazama mpaka mapajani.

Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akifanya naye kazi, alimshika kwapani akamvuta. Ndiye aliyenipigia simu. "Dada, nimemtoa. Lakini miguu sijui." Sikumwelewa mpaka nilipofika hospitali Kisarawe na muuguzi akafunua shuka.

Mimi ni fundi cherehani. Naishi Misugusugu, Kibaha, na mume wangu na watoto. Mpaka siku ile jikoni kwangu palipikiwa mkaa wa baba. Kila gunia likikaribia kwisha, mdogo wangu ananiletea jingine. Niliporudi kutoka hospitali niliwasha jiko nipike ugali. Moshi wa kwanza ulipopanda, nikakimbilia nje kutapika. Siku ya pili ikawa vilevile.

Kwa hiyo sikuacha mkaa kwa sababu ya kupenda mazingira. Niliacha kwa kuwa sikuweza kustahimili ile harufu. Tulikuwa na mtungi mdogo wa gesi wa kuchemshia chai, ikabidi uwe ndio jiko, na gesi haivumilii maharage ya kuchemka tangu asubuhi mpaka mchana. Nikaanza kuyaloweka usiku kucha. Nikachukua kapu kubwa la ukili, nikalijaza vitambaa vinavyobaki chini ya cherehani, nikaacha shimo katikati. Maharage yakichemka vizuri, naepua sufuria na mfuniko wake, naitumbukiza kapuni, nafunika kwa mto. Nikirudi kutoka kwenye cherehani yameiva yenyewe. Kitu kimoja kikaleta kingine. Maji ya kuloweka nikaona uchungu kuyamwaga, nikayapeleka kwenye mchicha pamoja na ya kuoshea mchele. Maganda ya ndizi na viazi nikayafukia palepale. Mume wangu alicheka mwanzoni, akasema nyumba imekuwa shamba darasa. Kisha akazoea.

Hospitali walipomruhusu, baba aliletwa kwangu, kwa kuwa vidonda vilihitaji kusafishwa mara kwa mara na Kurui ni mbali na huduma. Ndipo ilipogundulika ana sukari pia, na hakuwahi kujua. Vidonda havikufunga. Nilimtandikia godoro kwenye chumba kinachotazama jikoni, kwa hiyo siku nzima kazi yake ilikuwa kunitazama.

"Hayo maharage unayapika au unayalaza?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Yanajipika, baba."

"Yana homa?" Tukacheka wote wawili. Nadhani ndiyo mara ya mwisho tulipocheka pamoja.

Baada ya hapo akaanza kulalamikia chakula. Hakula vizuri. Alisema chai ya gesi haina ladha, wali wa gesi haukauki. Siku moja nilikuwa nachagua mchele, akaniita.

"Mwanangu, jiko la mkaa umelipeleka wapi?"

"Lipo nje, baba."

"Mbona huliwashi? Unaona kinyaa kazi yangu?"

"Hapana, baba. Naogopa."

Akaitazama miguu yake chini ya khanga tuliyomfunika badala ya suruali inayoganda kwenye vidonda. "Umeanza kuogopa ukubwani," akasema. "Ulipokuwa unasoma hukuogopa."

Sare niliyovaa shuleni ilitoka tanurini, na vitabu, na ile cherehani yangu ya kwanza. Niliendelea kuchagua mchele ule hata baada ya mawe kwisha.

Baadaye mguu wa kulia ukaanza kunuka. Daktari akasema ukatwe. Baba akakataa. Nilimbembeleza, mume wangu akambembeleza, mdogo wangu akaja kutoka Kurui akapiga magoti mbele yake. "Nizikeni mzima," ndilo lililokuwa jibu lake kwetu sote. Alifariki asubuhi, nikiwa nimekwenda kumchotea maji ya kunawa. Niliporudi na kopo mkononi nilidhani amelala.

Tulimzika Kurui, kando ya kaburi la mama. Watu walikuwa wengi. Mchana, wakati masufuria ya wali yakiwa motoni na wazee wamekaa jamvini, nilimwona mdogo wangu ananyanyuka taratibu na kushika njia ya porini. Nikamfuata. Alikuwa na tanuri aliloliwasha kabla ya kupata habari ya msiba, na moshi wake ulikuwa umeanza kubadilika rangi.

"Usipande," nikamwambia.

"Dada, nikiliacha litaungua lote."

"Acha liungue. Udongo wa baba bado haujakauka."

"Na mimi na wanangu tutakula nini?" Hakusema kwa hasira. Alichukua mti mrefu akaulaza juu ya tanuri, akaukanyaga kama mtu anayevuka mto, akafika kwenye ufa na kuanza kuziba. Kanzu ya msibani aliikunjia kiunoni. Nilisimama pale nikitazama nyayo zake kila anapohamisha mguu, mpaka aliposhuka na kuipangusa kanzu. Tukarudi msibani, tukala na wenzetu.

Nilimwomba aje Kibaha tumtafutie kazi nyingine. Akaniuliza kazi gani. Bado anachoma. Siku hizi anakwenda mbali zaidi, kwa sababu miti ya karibu na kwao imekwisha, na tukizungumza kwenye simu namsikia akikohoa katikati ya maneno. Hajaniletea tena gunia. Alipata habari kwamba sipikii mkaa, na hilo limemkaa rohoni. Mkewe ndiye aliyeniambia. Nimejaribu kumweleza kwamba simdharau yeye wala baba. Anaitikia tu, "Sawa, dada," kisha anasema chaji inaisha.