Niliposafiri Kwenda Nkololo Kulizunguka Jua

Bariadi wananijua. Niliishia darasa la nne, na leo nina malori mawili ya kubeba pamba, sikurithi hata tairi. Kwa hiyo mke wa mwanangu alipojifungua binti kwao Nkololo, nilitangaza kwamba jina lipo tayari: Kabula, jina la mama yangu. Baba wa huyo mkwe, mzazi mwenzangu Masanja, mfugaji mbishi kuliko madume yake, akapiga simu kusema mtoto ni Minza, jina la mama yake yeye.

Tulibishana mpaka tukafika angani. Nilimwambia nina uhakika kama nilivyo na uhakika kwamba nyota ya jioni na nyota ya alfajiri ni moja. Akacheka sana. Kwao hao ni wake wawili wa mwezi, mmoja anampikia jioni, mwingine anamwamsha. Tukawekeana sharti: nikimwonyesha mchana kweupe kwamba ni moja, jina natoa mimi. Nikishindwa, Minza.

Mwanangu ni mwalimu wa sekondari. Alinifundisha mambo ya anga jioni moja tu. Kichwa changu kinashika haraka, alikiri mwenyewe.

Kesho yake nikawasha pikipiki, chungu kikubwa nimekifunga nyuma. Pamba ilikuwa imepasuka, nyeupe pande zote. Nilipowapisha ng'ombe wavuke barabara, mchungaji akauliza pombe naipeleka wapi. Nikamwambia hilo ni jua. Akaniangalia, akaswaga ng'ombe wake haraka.

Alasiri nikaingia kwa Masanja.

"Mwadila, mzazi mwenzangu," nikamsalimu.

"Mwadila. Umekuja na chungu, mboga iko wapi?"

Sikumjibu. Niliweka chungu katikati ya uwanja. Nikasema hili ndilo jua, na kwa kipimo hicho Dunia yetu ni punje ya mtama. Nikaiweka mbali, karibu na zizi. Zuhura, ndiyo nyota tunayobishania, ni punje nyingine kama hiyo, ila iko ndani, kati yetu na jua. Mirihi iko nje yetu. Mshtarii ni ndimu, kule kwenye shamba la jirani. Sayari ya mwisho, Neptuni, ingebidi tuifuate kwa pikipiki zaidi ya kilomita. Na hazijajipanga mstari kama foleni ya kuuza pamba, ilivyo kwenye picha za vitabu. Kila moja inazunguka kwenye njia yake. Leo iko upande wetu, kesho iko ng'ambo ya jua.

Mke wa mwanangu, aliyekaa mlangoni na mtoto, akasema taratibu, "Baba, kuku amekula Dunia."

Masanja alicheka mpaka akashika kiuno. Nikamwambia basi simama wewe pale, uwe Dunia, uso uelekee chungu. Mimi nikawa Zuhura. Nilisimama kushoto kwa chungu, nikamwambia ageuke polepole kwenda kushoto. Chungu kikapotea nyuma ya bega lake la kulia, mimi bado ananiona. Hiyo ndiyo jioni. Nikapita kati yake na chungu, nikatokea kulia. Akageuka tena, akaniona mimi kwanza, chungu kikafuata. Alfajiri.

Akaomba turudie, tukarudia, jasho likinitoka, moyo unadunda kama nimekamata bei nzuri.

"Nimekubali," akasema. "Ni moja. Ila jioni tunaiita jina hili na alfajiri lile, na haijawahi kukataa kuitika. Basi mtoto akiwa huku ni Minza, akiwa Bariadi ni Kabula."

Mke wa mwanangu akanipa mtoto nimbebe.

Nikirudi, jua lilizama, na nyota ikatokea juu ya mashamba. Nilizima pikipiki nikaitazama. Nilikuwa nimejifunza kwamba hata mimi niliyesimama pale nilikuwa nazunguka, na kinachoonekana angani kinategemea upande ulipo.

Nyumbani mke wangu aliuliza nani kashinda. Nikamwambia mimi. Kisha nikamtajia majina yote mawili ya mjukuu, akacheka mpaka akakaa chini.