Ng'ombe Asiye na Mwenyewe

Nakiri, nilijigamba. Mbele ya wafugaji wa Githongo nilisema programu yangu ya kusajili ng'ombe ni vipande vidogo, kila kimoja nimekijaribu, kwa hivyo nikiviunganisha haviwezi kukosea.

Mama Kendi alikuwa amempa binti yake ng'ombe, basi nikawaonyesha inavyobadilisha jina la mwenyewe. Kipande cha kwanza kikamtoa ng'ombe kwenye jina la mama, kikahifadhi. Kabla cha pili hakijamwandika kwa jina la Kendi, stima ikapotea. Iliporudi, kompyuta ilionyesha ng'ombe asiye na mwenyewe.

"Lakini kila kipande kiko sawa," nikajitetea, mimi na digrii yangu.

Mama Kendi akanitazama kwa huruma. "Kijana, mimi siachilii kamba mpaka Kendi aishike. Wewe uliachilia nani akiwa ameshika?"